Kioo cha Marehemu Syarwani

Pontianak,
14 Septemba.

Mpendwa Kaka Effendi,

Assalaam aleikum. Jeddah inakutendeaje, na goti lako limepona? Sisi wazima, ila tunakohoa. Moshi wa misitu inayoungua umetanda mpaka mchana unafanana na magharibi. Mama hatoki nje.

Kazi yangu unaijua: tunapaka kioo utando mwembamba wa madini ya bei nafuu, tunakitumbukiza majini, na jua likikipiga maji yanatoa mapovu ya haidrojeni, gesi ya kupikia. Nasikitika kukujulisha kwamba mwenzangu Syarwani alifariki mwezi uliopita, ghafla, kwa ugonjwa wa moyo. Kioo chake cha mwisho alikipaka asubuhi ileile.

Moshi ulipofunika jua, vioo vyote pale paani pa maabara viliacha kutoa gesi. Chake kikaendelea kutoa mapovu. Nikabadili maji. Nikakifunika kwa turubai jeusi, mapovu yakazidi. Fundi wetu Yohanes akatania, "Dada Zur, hiki kina jua lake la mfukoni?" Kesho yake aliacha utani, na hakupanda tena paani peke yake.

Mimi, Kaka, furaha ilinishinda woga. Wakubwa wanataka kufunga maabara yetu, na kioo kinachofanya kazi gizani kingetuokoa.

Alhamisi mjane wa Syarwani, Masniah, akaja kuchukua vitu vya mumewe. Alipokiona kile kioo akasema, "Hivi ndivyo alivyokuwa anahema akilala."

Nikatazama. Mapovu yalipanda, yakasita, yakapanda tena.

"Bado mnamfanyisha kazi?" akaniuliza.

Akapiga magoti kando ya tangi la kioo kile. "Bang," akaita, kama mke amwitavyo mumewe, "inatosha. Twende nyumbani." Mapovu yakakoma.

Yohanes alininong'oneza tungoje, huenda yakaanza tena. Nikakitoa kioo, nikakifuta kwa mtandio wangu, nikampa Masniah. Kilikuwa na joto, kama paji la uso la mwenye homa.

Maabara itafungwa. Moyo unaniuma, lakini nisingeweza kumnyima.

Jana Masniah alinipigia simu. Amekilaza kitandani, upande wa mumewe. Anasema sasa anapata usingizi, ila kila asubuhi shuka la upande ule analikuta limelowa, kama kwa jasho la mtu.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Rabiah pia. Yohanes anaomba umkumbuke katika dua, ingawa yeye Mkristo. Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa salama.

Mdogo wako akupendaye,
Zuraidah