Tundu Chini ya Sinki

Likoni, Jumatano, Mei 1943

Mvua tangu alfajiri. Mikono yangu bado yanuka lami.

Siku nne nimekaa na uongo, na uongo wenyewe sikuusema hata kwa mdomo. Nilinyamaza tu.

Jumamosi sinki la bafuni liliziba. Mume wangu Salim alilitia mwenyewe kabla hajachukuliwa jeshini, ili mamake mwenye magoti mabovu atawadhe bila kuinama. Nikachukua nondo, nikasukuma kwa hasira. Bomba la chini likatoboka.

Mama mkwe alipoona maji sakafuni, akamgeukia bintiye Zuhura, aliyekuwa amefulia humo vitambaa vya mtoto wake. "Usiniletee tena uchafu wako hapa!" Zuhura akaondoka akilia. Nami nilikuwa nimesimama pale pale.

Leo asubuhi maji yalikuwa yamepenya hadi chumbani kwa Mama. Bonge la udongo lilibanduka ukutani, likaanguka kando ya mto wake. Angekuwa amelala, sijui.

Bomba jipya halipatikani tangu vita vianze. Mwenye tyubu kuukuu ya baiskeli ni mume wa Zuhura. Ikabidi niende kwao.

Zuhura hakuniuliza kitu. Alijifunga kanga, akaja na tyubu na koleo.

Tuliingia sote wawili chini ya sinki. Akapapasa bomba, kidole chake kikazama tunduni. Akakizungusha taratibu.

"Wifi, hili limetobolewa kwa chuma."

Nilipaka lami ya moto, nikaanza kuzungusha tyubu. Yeye alishika bomba. "Kaza," akasema. Tukafunga waya, mizunguko sita.

Ndipo Mama akatokea mlangoni na mkongojo wake. "Umekuja kutazama kazi yako, Zuhura?"

Zuhura alinitazama. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Nilisukuma kwa nondo."

Mama akaegemeza mkongojo ukutani.

"Siku nne, Mwanaisha," akasema. "Siku nne wanifanya nimfukuze mwanangu."

Akaketi kwenye kigoda, akamshika Zuhura mkono. "Nisamehe, mamangu." Zuhura akalia kama alivyolia Jumamosi, ila safari hii hakukimbia.

Mimi nikamwaga ndoo nzima sinkini, nikapiga magoti kutazama. Waya ulitota jasho kidogo, kisha ukakauka. Bomba halivuji tena.

Zuhura alikwenda zake bila kuniaga. Magharibi nilimwamkia Mama, "Shikamoo." Akaitikia "Marahaba" akitazama ukuta.

Sitamwandikia Salim uongo kwamba bomba lilioza; nitamwambia nililitoboa mimi.

Kesho kabla ya chai nitakwenda kwa Zuhura, na safari hii sina cha kuazima. Je, atanifungulia?