Vipimo Nyuma ya Kadi

Majengo, Dodoma

Mama yangu, shikamoo.

Kaa vizuri kwanza ndipo usomewe, maana barua ni ndefu. Najua wewe na herufi hamjawahi kufahamiana, na anayekusomea ni Mwajuma, mke wangu, aliyeko hapo kwako Ujiji tangu ulipokuja kumchukua baada ya msiba wa mtoto wetu. Yeye nimemwandikia barua mbili, hajajibu hata moja. Basi hii nakuandikia wewe. Yako hawezi kuacha kuisoma.

Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia au ulishampa jirani kama kawaida yako? Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza najisikiaje, Mama, nitakwambia sijisikii. Si vibaya wala si vizuri. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, ukiuminya hausemi kitu.

Sina habari nyingine ila ya gari moja, kwa hiyo nitakueleza hiyo. Nivumilie.

Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara, magari yaliyotumika kutoka Japani yanaingia mpaka huku kwetu, na kila moja lina maajabu yake ambayo sisi tuliofundishwa kwenye malori ya zamani hatuyajui. Kuna bwana mmoja wa ofisini hapa, ana shamba la zabibu Makutupora. Amenunua gari refu, zuri, la kubeba familia na makreti. Nyuma halina springi za chuma. Lina mipira miwili mikubwa ya upepo na kompresa ndogo ya kuijaza. Chini kuna kifimbo cha chuma: ukipakia mzigo kinahisi kuwa nyuma kumeshuka, kinaiamsha kompresa, mipira inajaa, gari linarudi sawa. Ukiushusha mzigo, upepo unatolewa. Linajiweka sawa lenyewe, bila wewe kugusa kitu.

Ila hili lilikuwa halijiweki. Unaliegesha asubuhi limenyooka, ukirudi saa sita nyuma limelala juu ya matairi, pua inatazama mbinguni. Dereva wake, Simoni, alinijia gereji amekasirika. "Fundi, tusaidie. Pale ofisini wanasema gari la bosi linakaa kitako kama mbwa."

Lilikuja wiki ile ile Asha alipoanza homa. Asha wetu, somo yako, tuliyempa jina lako hata kabla hajafikisha siku saba. Siku yenyewe nilikuwa chini ya gari hilo jirani alipokuja mbio kuniita. Nilifika hospitali na ovaroli yangu ya mafuta. Mwajuma alikuwa amempakata mtoto, mikono imejaa, nesi akanipa mimi kadi ya kliniki niishike. Nikaitia mfuko wa kifuani. Alasiri ilipoingia mtoto hakuwepo tena. Miezi minane, Mama. Nilimbeba mwenyewe mpaka kaburini, na ninachokumbuka ni kwamba hakuwa na uzito. Nilikisubiri kilio, nikajua kitakuja tu. Hakikuja.

Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimekaa mkekani na wanaume. Simoni akaja kutoa pole. "Pole sana, fundi. Kazi ya Mungu haina makosa." Akakaa kidogo, akakohoa, akaniinamia sikioni. "Samahani sana ndugu yangu. Gari limelala tena."

Nikasimama. Nikaingia ndani, nikavaa ovaroli, nikatoka nikapita katikati ya watu waliokuja kunifariji. Mwajuma alikuwa mlangoni na akina mama, akaniona. Neno lake alilitoa ulipokuja wewe kumchukua, pale stesheni, treni imeshapiga honi. "Ulisimama haraka, Hamisi. Kwa gari ulisimama haraka."

Jibu lake mpaka leo ninalitafuta.

Basi nikafanya kazi. Nilianza na umeme, nikakuta fyuzi imeondolewa, mtu kaweka waya wa shaba mnene kama njiti ya kiberiti. Kompresa ilikuwa inachemka mpaka inanuka. Nikaifungua, nikatoa vumbi la Dodoma humo la kujaza kikombe cha chai, nikaisafisha, ikapumua vizuri. Gari likanyanyuka. Saa sita likalala.

Nikahamia kwenye vipira vya kupitishia upepo. Nikalinyanyua kwa jeki, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, kila mahali. Panapovuja povu hutoa mapovu, wewe unajua, ni kama kutafuta tundu la tairi la baisikeli. Hakuna. Nikapaka kwenye mipira yenyewe. Hakuna. Nikalishusha, nikapima kwa futi kutoka ardhini mpaka kwenye bampa la nyuma, nikaandika. Kila baada ya saa nikapima tena, nikaandika. Sisi huandika kwenye vipande vya maboksi ya spea, kila fundi anacho mfukoni. Na mimi nilikuwa nacho, kigumu, kizuri, kimekunjwa mara mbili. Nikaandika hapo kwa penseli. Sentimita hamsini na nane. Hamsini na tano. Hamsini. Arobaini na nne.

Wakati huo, nyumbani, Mwajuma alikuwa anaitafuta kadi ya mtoto. Picha hatukuwahi kumpiga, kila mwezi tulisema mwezi ujao. Alitaka ile kadi aondoke nayo. Alipekua kapu la nguo, chini ya godoro, mpaka kwenye debe la unga. Akaniuliza, "Kadi ya mtoto iko wapi?" Nikamwambia sijui. Nilimjibu nimevaa ovaroli.

Mama, naandika haya polepole ili msomaji wako asichoke.

Pale gereji wote walikuwa na jibu moja: kata, tupa, funga springi za pikapu. Mzee Ndahani, mwenye gereji, akaja akachuchumaa karibu yangu. "Hamisi, gari hili unalibembeleza la nini? Au umelioa?" Nikamwambia niachie. Akanitazama sana. "Mwanangu," akasema, "nenda nyumbani ukalie kidogo, utarudi." Nikamwambia nikilia nitarudi, na nisipolia je? Akaondoka zake anatikisa kichwa.

Kosa lilikuwa langu. Nililigundua baada ya kukuta kile kifimbo cha kupimia kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Fundi fulani alikifunga makusudi, ili gari likae juu muda wote na lisigonge mawe ya njia ya Makutupora. Kwa hiyo gari lilidanganywa kwamba limeelemewa, siku zote, hata likiwa tupu, likawa linajijaza upepo na kujijaza. Nikakifungua. Hapo nikajiuliza: na mimi je, tundu ninalitafuta vipi? Ninalitafuta juu ya jeki! Gari likiwa juu ya jeki mipira haibebi kitu, na isipobeba kitu haivuji. Wiki nzima ninamtua mgonjwa mzigo, halafu ninashangaa kumwona mzima.

Nikaliingiza juu ya shimo la gereji, matairi yamekanyaga chini. Nikaenda kwa wauza nafaka hapo jirani, nikawaomba magunia manne ya mtama kwa azima. "Unataka kupika au kuoa?" wakaniuliza. Tukayapakia nyuma. Kompresa ikalia, gari likanyanyuka na mzigo wake. Nikazima, nikashuka shimoni na povu langu. Mpira wa kulia, pale unapojikunja kwa ndani, ukatoa povu dogo, halafu jingine. Ufa mwembamba kama ukucha. Ulikuwepo siku zote, ila unafunguka ukielemewa tu.

Wengine walishangilia. Mimi nilisema haya, tumeuona, nikapanda juu.

Mpira mwingine uliagizwa Dar, ukaja kwa basi baada ya siku kumi. Jana nimeufunga. Nikarudisha magunia yale yale, nikapima asubuhi: hamsini na nane. Nikapima adhuhuri: hamsini na nane. Nikatoa kile kipande changu niandike. Upande wa nje ulikuwa umejaa namba, hapakuwa na nafasi hata ya kidole. Nikakikunjua nitafute mahali peupe ndani.

Kuna mistari ndani, Mama, na vinukta. Vinukta vinapanda, kimoja kila mwezi, vimeunganishwa kwa wino wa bluu. Juu kuna jina lako.

Nilikuwa nimeandika kushuka kwa gari mgongoni mwa kukua kwa mtoto wangu.

Nilikaa shimoni. Sikulia, nisikudanganye. Nilikaa tu mpaka Mzee Ndahani akaja akainama juu ya shimo, "Limeshuka tena?" Nikamwambia halijashuka. "Sasa hapo unafanya nini?" Nikampa kadi. Aliisoma nje, akaigeuza akaisoma ndani, akavua kofia. Hakunitania. Alisema gari mwenyewe atalikabidhi, na mimi nichukue ruhusa mpaka nitakapojiona mtu.

Leo asubuhi Simoni alipita nyumbani akaniambia bosi wake amefurahi sana. Nikamwambia asante. Ndiyo habari yenyewe yote.

Nisalimie Mjomba Saidi, kaka yako, mwambie dua zake zinanifikia hata kama sisemi. Nisalimie Shangazi Mwanne wa mawese, asiache kuwekea watu kipimo kizuri. Nisalimie dada yangu Hadija na mumewe, na yule bibi jirani aliyenishonea kanzu ya ndoa. Usinililie wewe, Mama. Umeshalia kwa niaba yetu sote.

Ni mimi mwanao,
Hamisi

Mwajuma, mama wa Asha. Hapa usimsomee Mama kwa sauti.

Kadi imo ndani ya bahasha hii. Nilichukua kifutio nizifute namba zangu, nikaacha. Karatasi imelegea kwa mafuta, nikisugua mgongoni nitatoboa mpaka kwa mtoto. Basi nimekuletea hivyo hivyo, na uchafu wangu. Ulipoitafuta ilikuwa kifuani kwangu, mke wangu, na sikujua. Sina neno zuri la kuomba radhi kwa hilo.

Ruhusa ninayo. Treni ya Kigoma najua siku zake. Siji mpaka uniandikie nije, hata mstari mmoja, hata neno moja.

Ukiikunjua utaona vinukta vinane. Baada yake kuna kisanduku cha mwezi wa tisa, na penseli yangu ilikuwa imeshafika hapo, imegusa karatasi, ndipo nikaliona jina. Kuna alama ndogo nyeusi, usidhani ni nesi. Ni mimi. Hapo nilisimama. Hapo sikuandika kitu, Mwajuma, nimepaacha peupe.