Uniulize Ndani ya Maji

Bugarama, Jumapili, siku ya Mungu

Kwako yaya Anastase, mukubwa wangu, kule Lubumbashi,

Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Mupunga umeiva, na mutoto wangu Iriza ameota meno mawili.

Kiwandani kwetu kwa simenti, bakubwa balituletea maman mumoja, Nyiramahoro, wa kusikiliza bafanyakazi benye roho nzito. Balimupa biro, chumba chake cha kazi, na viti viwili vinavyotazamana. Tuliingia mumoja mumoja, kila muntu akasema, "Niko muzima, maman," akatoka. Mimi pia.

Unakumbuka Papa alivyotuvusha mupaka kutoka Kamanyola kuja huku kuoga ku chemuchemu ya maji ya moto? Banaume ba simenti balikuwa banakaa mule, maji hadi shingoni, bakiangalia mulima, bakisema yote ya moyoni bila kuangaliana. Sisi batoto tulidhani ni jasho kwenye nyuso zabo.

Nilimwelezea Maman Nyiramahoro habari hiyo. Alicheka, lakini Ijumaa akatupeleka kulekule. Yeye alikaa mbali kidogo, ametupa mugongo. Mzee Ladislas wa mashine ya mifuko ndiye alianza kusema.

Na mimi nikasema, yaya. Tangu Mucyo, mwenzangu wa zamu, afe kwa ugonjwa, nasimama mbele ya mashine nasahau kama nilikuja kuiwasha ao kuizima. Hata muke wangu hajui.

Ukikuja Noeli, nyumbani usiniulize hali yangu. Nitakujibu niko muzima. Uniulize ndani ya maji.

Ni mimi, mudogo wako,
Uwayezu