Nesta Hakumroga Fides

Iyula,
S.L.P. Mbozi,
7 Oktoba, 1979.

Mpendwa Dada Ikupa,

Shikamoo dada. Hali yako huko Kitwe? Mguu wa Shemeji Kefa umepona, na watoto wazima? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama anakohoa asubuhi, ila shamba haachi.

Dada, sina raha hata kidogo. Ile barua yangu ya mwezi wa saba ichome moto. Niliyoandika kuhusu wifi yangu Nesta ni uongo, na mwongo ni mimi.

Si nilikwambia tumbo linamsokota mwanangu Fides kila asubuhi, mpaka mwalimu anamrudisha nyumbani amejikunja? Alipimwa choo, minyoo hakuna. Hospitali nao hawakuona kitu. Watu wakaanza: mtoto wa miaka minane aumwe hivihivi tu? Macho yakamgeukia Nesta, kwa sababu hakujaliwa mtoto na Fides alikuwa hatoki jikoni kwake. Nami nikaamini. Mimi niliyemaliza darasa la saba!

Siku ya kupukuchua mahindi, ua umejaa watu, nilimkuta Fides anakula ugali kwa shangazi yake. Nikampokonya sahani, chakula nikawamwagia kuku. Nesta aliinama akaendelea kupukuchua. Tangu hapo akipita njiani, akina mama wanawaita watoto wao ndani.

Mama mkwe akataka tumpeleke mtoto ng'ambo ya mto kwa mganga, akachanjwe tumboni. Mume wangu Yonathani akagoma, akasema kwanza zahanati, kuna mtabibu mpya. Huyo akaniambia mtoto hadeki, maumivu ni ya kweli. Yapo matumbo hayana ugonjwa, ila kuna chakula hayapatani nacho, na hofu ndiyo inazidisha. Akaniagiza niandike kwenye daftari kila anachokula na saa anayoumwa, wiki mbili, nisimkataze kitu.

Hee, dada! Lile daftari lilinivua nguo. Kila siku ya maumivu ilianza na kikombe kikubwa cha maziwa, ya ng'ombe wetu aliyezaa, ninayompa mwenyewe akiamka. Alivyokonda ndivyo nilivyomjazia. Siku mbili alizotoroka akalala kwa Nesta, akaamkia viazi na chai ya rangi, hakuumwa.

Mtabibu akasema toa maziwa, mpe uji wa ulezi kidogo kidogo, asishinde njaa. Tumbo likatulia wiki mbili nzima. Akasema jaribu nusu kikombe tupate hakika. Kabla ya saa nne mwalimu alikuwa mlangoni kwangu.

Juzi nikakimbia kwa Nesta kumwomba radhi. Nyumba imefungwa. Jirani akasema amepanda treni Tunduma kwenda Kapiri Mposhi, anakuja kwako, maana huko Zambia hana mtu mwingine. Hajui nilikwisha kukuandikia kwamba ni mchawi, wala hajui ulinijibu hatakanyaga kwako.

Barua hii nampa Damiano, anafanya kazi kwenye treni, anaondoka kesho. Ikiwahi, mpokee Nesta kama unavyonipokea mimi, mpe chakula, ale na wanao sahani moja. Kama ametangulia na ulimfukuza, tafadhali dada, toka umtafute stesheni na makanisani. Mwambie leo nimesimama mbele ya ibada nikataja nilichomfanyia. Mama mkwe hanisemeshi, na asinisemeshe.

Mwambie na hili. Jana nilimkuta Fides nyuma ya zizi anakunywa maziwa kwa siri, kibuyu chote. Nikamnyang'anya. Akasema shangazi ndiye aliyekuwa anamkanda tumbo, kwa hiyo likimuuma sana, shangazi atarudi.

Wasalimie Shemeji Kefa na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Mama na Yonathani wanawasalimu. Mungu akuwekee huyo mgeni salama mpaka mlangoni kwako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Aida