Parachuti Chini ya Kiti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama, tafadhali vuta kiti, maana ni ndefu, na zimo sehemu ambazo hazifai kusomwa na mtu aliyesimama. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi kilichokutia wasiwasi kimeondoka chenyewe kama mgeni aliyechoka kutokaribishwa. Karakana nayo haijambo. Wiki hii nimemaliza makochi sita ya ofisi ya wakili mmoja, na vidole vyangu bado vina alama za sindano.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako amepanda ndege. Usicheke. Mimi huyu, ambaye hata ngazi ya kubadilishia balbu huwa nashikiwa, nimekaa angani saa moja na dakika arobaini, nikashuka nikiwa hai. Wala sikupanda mikono mitupu. Nilibeba parachuti.

Ndiyo, ile ile ya mwanangu Tiara. Najua hapo umeiweka barua chini na kuvua miwani. Ni miaka miwili sasa tangu parachuti hiyo ipotee stoo kwako, na yakasemwa yaliyosemwa. Nimeipataje? Nitakueleza kabla sijatia sahihi, nakuahidi. Ila niache nisimulie kwa mpango wangu, maana nikianza na hilo hutaendelea kusoma.

Mwezi uliopita Tiara alikuja kunisalimia. Jina hilo la kishada ulimpa mwenyewe alipokuwa na miaka minne, ukamkuta juu ya kabati la vyombo akiuliza kwa nini watu wanapenda kukaa chini. Hajabadilika. Siku za kazi anapima viwanja vya watu, siku za mapumziko anajitupa kutoka kwenye ndege. Aliniambia amechaguliwa kuwa mmoja wa wanawake kumi na wawili watakaoruka pamoja, washikane mikono huko juu na kufanya duara, mbele ya waamuzi. Nikamuuliza ataruka na nini. Akasema ataazima, kama anavyoazima siku zote tangu yake ipotee. Alipoinama kuchukua kikombe, nikaona begani kwake alama ya bluu, pana kama kiganja. Akasema si kitu, mikanda ya mwenzake ni mikubwa kidogo, parachuti ikifunguka inahama. Alisema hivyo kama mtu anayesema kiatu kinambana.

Dada, mimi ni fundi. Kitu kilichokatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine nakijua nikiwa ng'ambo ya barabara. Tangu siku hiyo sikushona mshono ulionyooka. Niliwaza kwamba mtoto huyu ataruka tu, nikipenda nisipende. Tofauti ni kwamba ataruka na cha mtu.

Ndipo nikalitoa lile begi la parachuti. Kwenye mfuko wake mdogo nilikuta kadi yenye namba ya fundi wa parachuti wa uwanja anakorukia Tiara, nikampigia. Ni mwanamke, ana sauti ya mwalimu wa hesabu. Nilimwambia nataka kulituma kwa basi la mizigo, akanikatiza. Alisema kitu hicho hakitumwi, hakiwekwi tumboni mwa ndege pamoja na masanduku, kinabebwa mkononi kama mtoto. Kisha akanipa masharti: nifike saa tatu kabla ya ndege kuondoka, ile kadi nyingine ya mfukoni, yenye picha ya kile ambacho mashine ya ukaguzi itakiona ndani ya begi, niishike mkononi, nisimruhusu mtu yeyote avute kishikio chochote, na nikiulizwa nijibu kilichoulizwa tu, basi. Masharti matatu ya kwanza niliyatimiza.

Uwanja wa ndege, mashine ya ukaguzi ililimeza begi, likakaa humo muda mrefu kuliko masanduku ya watu kumi. Binti aliyekuwa akitazama kioo alisogea, akarudi, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao, mwanamume mwenye sharubu zilizonyooshwa kama kwa rula. Akaniambia kwa upole kwamba ndani ya begi anaona waya, betri na kitu cha chuma asichokipenda. Nikampa kadi. Nikamweleza, kama nilivyoelezwa, kwamba hicho ni kikompyuta kidogo kinachofungua parachuti ya akiba endapo mrukaji atazimia angani. Akasoma kadi mbele na nyuma, akasema hata hivyo ni lazima afungue.

Hapo lile sharti la nne likanishinda. Nilimwambia afungue tu, ila kwanza atafute ukumbi, maana mle ndani mna kitambaa cha kutosha kufunika paa la nyumba yangu, kimeshindiliwa mpaka hakina pumzi, na kikitoka hakitarudi leo. Nikamwambia mimi nashindilia sponji kwenye makochi mwaka wa thelathini na tano huu, najua kitu kilichobanwa kinavyolipiza kisasi. Foleni nzima nyuma yangu ilikuwa inasikiliza. Yule bwana akanitazama, akalitazama begi, akaagiza kitambaa cheupe. Wakalipangusa begi kila upande, kitambaa wakakiingiza kwenye kijimashine, na kijimashine kikawaka taa ya kijani. Akanirudishia kadi yangu kwa mikono miwili, kisha akaniuliza, bila hata kutabasamu:

"Mzee, una mpango wa kushukia njiani?"

Dada, watu walicheka mpaka walinzi wa mlangoni wakaja kuangalia kuna nini.

Mlangoni mwa ndege nikakutana na mtihani mwingine. Mhudumu alisema sehemu za juu zimejaa, begi langu liende chini na mizigo mingine. Nilimsihi, nikamwambia ni la mwanangu na limeshampotea mara moja. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alilichukua mwenyewe, akalisukumia chini ya kiti kilicho mbele yangu kwa mguu, kiatu chake kikachomoka, akasema mzee sasa miguu yako utajua mwenyewe pa kuiweka.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza vipodozi, mnene, mchangamfu, ananukia kila alichonacho dukani. Aliniuliza ni mzigo gani huo unaotetewa hivyo. Nikajibu kilichoulizwa tu: parachuti. Akafunga mkanda. Kisha akaniinamia sikioni:

"Baba, kuna jambo umeambiwa wewe, sisi wengine hatujaambiwa?"

Nilijitahidi kueleza, lakini neno lilishatoka. Lilipita kiti hadi kiti, likinenepa njiani, na lilipofika nyuma kabisa lilikuwa limekuwa habari kwamba kila abiria ana parachuti yake chini ya kiti. Nikageuka, nikaona watu wazima wenye tai wameinama, wanapapasa chini. Ikabidi mhudumu ashike kipaza sauti, atangaze kwamba chini ya viti kuna maboya ya kuvaa tukianguka majini, parachuti hakuna, isipokuwa moja, nayo ni ya binti wa mzee wa kiti cha kumi na nne. Watu wakapiga makofi. Ndege ilipoanza kutikisika kwenye mawingu, yule mama alikanyaga mkanda wa begi langu kwa kisigino na kuniambia kwamba likitokea la kutokea, mimi na yeye ni ndugu.

Sasa nikupeleke uwanjani. Ni uwanja mdogo wa nyasi, una banda kubwa la mabati, na humo ndani watu wamepiga magoti kwenye maturubai marefu wakikunja parachuti zao kwa makini, kama wanavisha watoto wachanga. Tiara alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, anahangaika na ile ya kuazima. Hakujua kama nakuja. Aliliona begi kabla hajaniona mimi. Akasimama. Akasema, "Baba, umelipata wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri njia nzima. Yote yakayeyuka. Nikamwambia ukweli mtupu, huo huo ninaokuja kuuandika hapa chini. Alitembea mpaka mwisho wa banda, akakaa huko ameupa ukuta uso, na mimi nikabaki nimesimama na begi mgongoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

Aliyenitoa hapo ni fundi wa parachuti, yule wa simu. Ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alinivua begi bila salamu, akasema haruki mtu nalo mpaka alifungue lote. Akalifungua juu ya meza ndefu, na kitambaa kikamwagika, cha rangi ya machungwa chenye mstari mweupe. Nilisogea. Dada, miaka yote nilikiita kitu hicho mfuko wa mauti, na sikuwahi kukitazama. Siku hiyo nilikitazama kama fundi. Niliona mishono iliyokunjwa mara mbili, sindano imepita sambamba mara nne, hakuna uzi uliolegea, na kila mshono umepewa mwenzake wa kuupokea ukichoka. Mimi sijawahi kushona kochi namna hiyo. Nikaelewa kwamba huu si mfuko wa mauti. Ni kazi ya mtu asiyemjua mwanangu, lakini aliyeapa mwanangu asife. Nilipitisha vidole kwenye mshono mmoja mrefu mpaka mwisho, na fundi akaniacha nipitishe.

Kazi ilichukua mchana mzima. Alibadilisha mipira ya kubania kamba iliyooza na betri ya kikompyuta, akakunja upya, akafunga uzi mwekundu na kugonga muhuri. Alisema inashangaza, kitambaa hakina unyevu wala ukungu, kilikuwa kimehifadhiwa wapi? Nikakohoa. Ndipo Tiara, ambaye sikujua kama amerudi na kusimama nyuma yangu, akamjibu. Alijibu vizuri mpaka neno la mwisho, kisha kicheko kikamshinda, akakaa chini kwenye saruji akicheka na kulia kwa pamoja, ananipiga ngumi za mguuni. Nilijua nimesamehewa. Nusu.

Asubuhi yake waliruka. Ndege ilipanda mpaka ikawa kama inzi, halafu ikatema vitone vyeusi. Vitone vikasogeleana, vikawa duara, nami nikasikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi. Kisha vikatawanyika, na rangi zikafunguka mbinguni moja moja. Nilihesabu kumi na mbili. Nikahesabu tena. Ile ya machungwa ilizunguka taratibu juu ya vichwa vyetu, ikateremka, na mwanangu akagusa nyasi kama mtu anayeshuka kidato cha mwisho cha ngazi, akatembea hatua tatu, akasimama. Mikanda ilimkaa sawasawa begani. Hicho ndicho nilichokitazama kwanza. Wamekuwa wa pili, na kwa makelele waliyopiga ungedhani hakuna wa kwanza.

Sasa dada, vuta pumzi.

Parachuti ile haikuibiwa. Hukuacha stoo wazi, wala hukuwapa wanunua vyuma chakavu. Unakumbuka siku niliyokuja kubadilisha bawaba za mlango wa stoo? Nililiona begi juu ya magunia. Mama yake tulikuwa tumemzika miezi mitano nyuma, na nilikuwa na mtoto mmoja tu duniani, naye anajitupa kutoka mawinguni. Nikalifunga kwenye shuka, nikaondoka nalo na sanduku la vifaa. Nilidhani atakasirika wiki mbili kisha aache. Hakuacha. Alikukasirikia wewe, akakutamkia maneno ambayo shangazi haambiwi, akaacha kukanyaga kwako. Nami nilikuwepo, nikasikia, nikakaa kimya kama maji mtungini. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka miwili.

Na mahali nilipoificha ni ndani ya kochi langu la kijani la sebuleni. Nilitoa sponji, nikaiweka, nikashona juu. Umelikalia mara nne, dada. Mara ya mwisho uliniambia hakuna kochi linaloupenda mgongo wako kama lile, ukaniuliza nimetia sponji gani. Nikakujibu ni sponji ya kutoka nje.

Tiara alitaka akupigie simu saa ile ile. Nilimkataza. Fundo nililifunga mimi, nilifungue mwenyewe, tena kwa maandishi, ili uwe na ushahidi wa kuwaonyesha wajukuu. Jumamosi ijayo tunakuja kwako, sisi wawili, kwa basi. Yeye atataka kupiga magoti akuombe radhi. Mzuie, hiyo ni zamu yangu. Maneno makali uliyomlimbikizia mwizi wako kwa miaka miwili, niwekee yote, usipunguze hata moja. Nitayapokea. Ila uniache kwanza nimwone mwanangu akikukumbatia, ndipo uanze.

Msalimie shemeji, mwambie redio imwachie neno la mwisho walau mara moja. Wasalimie watoto na wajukuu, kila mmoja kwa jina lake. Mungu akulinde mpaka tuonane, na akulainishe moyo kidogo hapo katikati.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa na furaha,

Fundi makochi.