Maneno Matano ya Bibi

Jumatano, 19 Machi

Leo nimempeleka Bibi mimi. Mama hakupata ruhusa dukani. Amesema, "Umemaliza shule, kazi huna, basi kazi yako ni Bibi." Sawa.

Jengo la utafiti lina korido moja ndefu. Kulia wanakaa wagonjwa wa saratani iliyokwisha kusambaa, kushoto wazee wenye Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, kama Bibi. Daktari ni mmoja kwa wote — mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Dawa nayo ni moja. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani. Sasa Daktari anataka kujua kama dozi ndogo inaweza kuzuia kusahau. Wazee wa upande wetu ni kumi na tisa tu. Bibi ameanza vidonge leo.

Kwanza walimpima kumbukumbu. Nesi alisoma maneno matano: ndoo, kengele, sufu, daraja, njano. Wakapiga soga dakika tano, kisha akamuuliza. Bibi alikumbuka ndoo. Basi. "Hayo mengine nimekuachia wewe," alimwambia nesi, wakacheka. Mimi nilitazama sakafu. Bibi alikuwa mpokezi wa simu posta miaka thelathini. Namba za mji mzima alikuwa nazo kichwani.

Nesi amesema mwezi ujao atapimwa tena. Nimeyaandika maneno yote kwenye kiganja.

Alhamisi, 20 Machi

Shuleni sikuwa na akili sana, ila kukariri nilijua. Ukishaliona swali, unarudia jibu mpaka likae. Kwa hiyo tumeanza leo, mimi namchana nywele, yeye anarudia. Ndoo. Kengele. Anakwama. Tunaanza upya.

Mara ya sita akageuka: "Mke mwenzangu, unanitesa, na mume mwenyewe alishakufa." Nimecheka mpaka chanuo likaanguka.

Mama sijamwambia. Nataka ashangae.

Jumapili, 6 Aprili

Sasa anafika manne, siku nyingine yote matano. Siri ni kuyasema haraka kama namba ya simu, bila kupumua.

Ila vidonge vinamsumbua. Anatapika karibu kila asubuhi. Gauni la bluu linamning'inia mabegani. Leo alitokwa damu puani, kidogo, nikaifuta kabla Mama hajaingia. Kisha nikaona si vizuri, nikamwambia. Mama akauliza, "Tumtoe?" Nikasema tungoje kipimo.

Jumatano, 16 Aprili

Matano. Yote!

Karatasi ya nesi ilikuwa ile ile, maneno yale yale. Bibi aliyamwaga kwa pumzi moja. Nesi akaweka kalamu chini, akaenda kumwita Daktari. Daktari akavuta kiti, akakaa mbele ya Bibi, akamshika mikono yote miwili. Nafikiri alikuwa karibu kulia. Mimi nilijiona kama nimefaulu mtihani wa taifa.

Mama, ambaye leo aliomba ruhusa makusudi, alimweleza habari ya damu na kutapika. Daktari akasema anajua ni vigumu, uamuzi ni wetu, lakini kwa matokeo haya angeomba tuvumilie. Mama akaitikia kwa kichwa, haraka haraka.

Tukiwa tunatoka, Bibi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Jumatatu, 28 Aprili

Kilo nne zimepungua. Nimemwambia Mama labda tumpumzishe vidonge. Akanikazia macho. "Bibi yako anapona, wewe unataka nimtoe? Uliyaona mwenyewe." Habari ya chanuo sikuisema. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 14 Mei

Leo damu tu imepimwa. Kumbukumbu ni mwezi ujao.

Wakati Bibi yuko ndani nilikaa karibu na mzee ninayemwita Mzee wa Kofia. Ni wa upande wa kulia, saratani yake ya ini imefika kwenye mifupa. Kofia haivui kamwe, anasema kichwa chake kinaona haya. Akanipa mkono. "Hongera, mjukuu. Bibi yako ametushinda wote. Hata nesi wetu anamzungumzia."

Nikasema asante.

"Daktari amefurahi huyo, wee. Kuanzia Jumatatu wazee wenu wote wanaongezewa dozi. Sisi tunakunywa kwa kikombe, nyinyi mlikuwa mnalamba kijiko." Kisha akanionyesha kucha zake, nyeusi, mbili zimeng'oka. "Mimi dawa hii imenipa miezi, siilaumu. Ila waambie wajiandae."

Kumi na tisa. Kwa sababu ya chanuo langu.

Daktari alipita mbele yangu mara tatu. Mara tatu nilisimama. Mara ya tatu akauliza, "Choo? Kule mwisho." Nikaenda chooni.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika kila kitu kwenye karatasi kwa sababu mdomo wangu naujua. Nimeenda peke yangu, nimempa Daktari mkononi.

Aliisoma amesimama. Akavua miwani ya machoni, akavua na ya kichwani, akaziweka mezani. Nilingoja anifokee. Ingekuwa afadhali. Akasema kosa ni lake, ile orodha ilitakiwa ibadilishwe kila mara. Akapiga simu moja fupi: dozi isipande, ya mtu yeyote.

Nikamuuliza kama dawa inamsaidia Bibi.

"Sijui. Juzi nilidhani najua."

Akaniuliza Bibi yuko vipi nyumbani, mambo ambayo sikumfundisha. Nikafikiri. Mara mbili ameenda chooni mwenyewe. Juzi aliniita kwa jina langu. Jana alivaa kiatu kimoja akamlilia mama yake. Daktari aliandika yote, akatazama alichoandika, akasema hapo haoni jibu, huku wala huku. Kuacha vidonge tunaweza, kuendelea na dozi ndogo tunaweza. Fomu ya kuacha au kuendelea isainiwe kabla ya Jumatatu.

Nilimwambia Mama jikoni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viatu vya kazi bado mguuni. Nilimwomba msamaha, akasema ameshasikia. Baadaye sana akasema, "Mimi sishindi naye. Unayeshinda naye ni wewe. Sema wewe."

Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui.

Jumamosi, 17 Mei

Saa mbili kasoro dakika kumi. Kidonge ni saa mbili.

Mama amekwenda kazini. Fomu ameiacha mezani bila saini, kichupa juu yake. Bibi amekunywa uji nusu, umekaa tumboni. Mashavu yamebonyea. Anaimba kitu kisicho na maneno. Nimeshika kalamu ili mikono iwe na shughuli.

Nikimpa, nitamwona akiisha mbele ya macho yangu. Nisipompa na kumbe ilikuwa inafanya kazi?

Saa mbili kamili. Sijamkumbusha. Sijagusa kichupa.

Bibi ameacha kuimba. Ametazama saa ya ukutani. Amenyoosha kiganja kwangu, amekikunja kidogo katikati, kidonge kisidondoke. Hilo sikumfundisha. Hakuna aliyemfundisha. Ni dawa? Ni mazoea tu?

Hanihimizi. Mkono umeanza kushuka, ameuinua tena.