Macho Yako Yalikuwa Mazima

Mayu,

Shikamoo, mama yangu. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia.

Bado niko Mwakitolyo, navuta kamba kwenye duara, shimo letu la dhahabu. Mgongo umechoka. Jana Baba Mdogo alinipigia simu. Jumamosi ukoo unakaa nyumbani Ushirombo kuamua nani ashike mji wako, nyumba na uwanja vilivyokaa bila mwenyewe miaka yote hii. Wameshaamua awe Dada. Wanataka neno langu tu, kwa kuwa mtoto wa kiume ni mimi. Dada Nyanzobe amestaafu ualimu, na shule moja ya Kagongwa imemwomba aendelee kufundisha hesabu. Baba Mdogo anasema, "Mwanamke wa miaka sitini anahangaika na chaki ya nini? Mwambie arudi. Wewe atakusikia."

Atanisikia kweli. Hilo ndilo linalonitisha.

Mayu, kuna jambo sikukuambia. Ulipostaafu unesi ukaendelea kuzalisha pale zahanati, wenzangu wa duarani walinicheka. "We Masanja, mama yako bado anakimbizana na wajawazito, hiyo mikono yako ni ya urembo?" Nikaona aibu. Nilipokuja kukusalimia, nilikwenda kwa mganga mfawidhi wako, peke yangu, nikamwambia huoni vizuri siku hizi, tunaogopa utaua mtoto wa watu. Alinishukuru. Wiki ile ile wakakupa kitenge na soda, wakakuaga.

Macho yako yalikuwa mazima. Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Nilikuwa nimekuuliza kwa nini hupumziki, ukacheka: "Hapa nyumbani mnaniuliza chumvi iko wapi. Kule naulizwa mtoto amekaaje tumboni." Nikadhani utani. Mimi niliishia darasa la tano, kazi kwangu ni mzigo, ukipata pa kuutua unautua. Sikujua mtu anaweza kuililia kazi.

Baada ya hapo ulikaa kibarazani. Akipita mjamzito barabarani unasimama, unamwangalia anavyotembea mpaka apotee. Siku moja ukaniuliza, "Hivi nilikosea wapi, mwanangu?" Nikakujibu, "Umri tu, Mayu." Nikaendelea kula. Mwaka haukuisha, tukakuzika.

Sasa wananitaka nifanye vile vile kwa Dada, safari hii hadharani na kwa baraka za ukoo.

Nimeomba ruhusa ya kuondoka Ijumaa. Nitasimama mbele yao, Dada akiwepo, niseme nilichokufanyia. Pengine hatanisemesha tena. Baba Mdogo atafoka. Halafu nitasema Dada abaki na wanafunzi wake. Wakiuliza mji atashika nani, nitasema mimi. Nitaacha duara. Kufagia uwanja najua, na ugali napika. Watacheka, mwanaume kushika jiko la mama yake. Wacheke.

Lala salama, Mayu. Naahidi nitalisema lote, hata sauti ikikatika katikati.

Mwanao,
Masanja